Unacheza kila siku na kiwango kiko palepale: jinsi mtu anavyopanda kweli kwenye gemu

Unakuta mtu anacheza Tekken, ile gemu ya kupigana ngumi na mateke, au mpira wa PS kila siku ya Mungu, miaka inaenda, pedi zimechakaa mikononi mwake, lakini ukimpima leo na ukikumbuka alivyokuwa mwaka juzi ni yuleyule, anapigwa na watu walewale kwa njia zilezile, na ukimuuliza anakuambia wale jamaa wana vidole vyepesi tu, au wamezaliwa nacho. Hapohapo kuna dogo kaanza kushika pedi juzijuzi tu na tayari anawasumbua wakubwa pale bandani, kwenye kibanda cha kulipia PS. Hili jambo lina maelezo yake kabisa, na maelezo yenyewe hayaanzii kwenye vidole. Nataka tulifumue taratibu maana kuna mambo kadhaa yamefungana humo ndani, kasi, ujuzi, mazoezi, vifaa, mtandao, usingizi, na watu wanayachanganya yote wanayaita kipaji, halafu ushauri unaobaki mtaani ni "cheza sana utazoea", ushauri ambao unamla mtu muda na hela ya banda bila kumfikisha popote.

Nitashikilia zaidi Tekken, kwa sababu karibu kila aliyekua na PS mtaani anaijua na kwa sababu hesabu zake ziko wazi, ukiielewa hii nyingine zote unazifungua kwa funguo hiyohiyo.

Tuanze na Eddy. Tekken 3 ilipotoka kwenye PlayStation mwaka 1998 ndiyo ilimleta Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa kapoera, na kila mtaa ulikuwa na mtu asiyejua hata pigo moja linaitwaje lakini akimchukua Eddy akaanza kubonyeza batani za mateke bila mpangilio, X na duara, X na duara, anazungusha miguu mpaka wenye gemu yao wanaachia pedi. Watu wakawa wanasema Eddy ni wa wizi. Kiukweli Eddy hakuwa na wizi wowote, ila yule anayepigwa alikuwa hajui vitu vitatu: teke lipi linapita juu ambalo ukichuchumaa linakukosa, teke lipi linakuja chini, na ule mfululizo unakatika wapi ili umpige wakati bado anajikusanya. Siku akivijua hivyo vitu, yule wa kubonyeza hovyo anakwisha, na hana pa kukimbilia kwa sababu mwenyewe hajui alikuwa anashinda kwa nini. Angalia vizuri hapo, hakuna aliyeongeza kasi, vidole ni vilevile pande zote mbili, kilichoongezeka ni kitu kilichokuwepo kichwani kabla teke halijarushwa.

Sasa hesabu. Gemu za kupigana zinakwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani skrini inabadilika mara 60 ndani ya sekunde moja, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Ngumi ya haraka ya karakta wengi wa Tekken, ile jabu ya kawaida, inachukua fremu 10 tangu ubonyeze mpaka imguse mtu, hiyo ni sekunde moja ukiigawa kwa sita. Upande wa binadamu sasa, mtu mzima mwenye afya ukimwambia abonyeze batani moja akiona taa moja imewaka, anachukua karibu milisekunde 200 hadi 250, ambazo ni fremu 12 mpaka 15. Weka hizo namba mbili pamoja uone: jabu imeshafika kabla ubongo haujamaliza kutuma ujumbe kwenye kidole. Hakuna bingwa yeyote duniani anayeblok jabu, yaani kuizuia, kwa kuiona, wanaiblok kwa sababu walikuwa tayari wameblok kabla haijaanza, walijua kwamba ule ni wakati wa jabu.

Na hapo tumepima taa moja na batani moja, kwenye gemu mambo ni mengi zaidi. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Muingereza William Hick alionyesha kwamba muda wa mtu kujibu unaongezeka kadiri chaguo zinavyoongezeka, kila ukizidisha chaguo mara mbili unaongeza kipande kingine cha muda. Mimi naona hii ndiyo habari yenyewe yote. Ukiwa mbele ya mpinzani na kichwani una mashaka kumi, atapiga juu, atapiga chini, atanikamata, atarudi nyuma, ataruka, unakuwa mzito hata kama una miaka kumi na sita na macho ya mwewe. Ukiwa na mashaka mawili tu, unakuwa mwepesi ghafla. Kwa hiyo yule unayemuona ana vidole vya ajabu mara nyingi macho yake ni ya kawaida tu kama yako, ila yeye anasubiri vitu viwili wakati wewe unasubiri kumi, na kazi ya kupanda kiwango ni hiyo ya kupunguza vitu unavyovisubiri mpaka vibaki vichache vinavyobebeka.

Mfano mzuri ni ule mtama mrefu wa Bryan Fury, karakta mwingine wa Tekken, wachezaji wanauita Snake Edge, anainama anafagia mguu na ukikupata unaruka hewani anakula nusu ya damu yako, yaani ule mstari wa uhai juu ya skrini. Ule mtama ni wa polepole sana, unakaribia fremu 30, nusu sekunde nzima, kwa hesabu yoyote ile unaonekana, na ukiublok Bryan anabaki wazi unampiga unavyotaka. Lakini nenda banda lolote uone watu wanavyokula huo mtama raundi kwa raundi. Macho yanauona vizuri tu, tatizo ni kwamba wakati unaanza mtu alikuwa anawaza kombo yake mwenyewe, yale mapigo ya kuunganisha, anawaza ngumi, anawaza muda unaisha, na nusu sekunde ikagawanywa kwa hayo mawazo yote.

Kuna utafiti wa zamani wa chesi unaoelezea hiki kitu kutoka upande mwingine. Mwaka 1973 Chase na Simon, Wamarekani, waliwaonyesha watu ubao wa chesi kwa sekunde chache halafu wakawaambia wapange upya kete walizoziona. Mabingwa walirudisha kete nyingi kuliko wanaoanza, sawa, hilo halishangazi. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bila kufuata mchezo wowote wa kweli, ubora wa mabingwa ulikaribia kupotea wote. Kumbe hawakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko watu wengine, walikuwa wanaona mafungu, kete tano kwao ni kitu kimoja chenye maana. Mchezaji mzuri wa Tekken anaona hivyohivyo, wewe unaona karakta amesogea hatua moja nyuma akainama kidogo akasimama, yeye anaona kitu kimoja tu: huyu anataka nirushe pigo linikose anipige. Na hayo mafungu hayaji kwa kuzaliwa, yanajengwa moja moja.

Watu wakitaka kubisha kwamba kuna vipaji vya vidole huwa wanaleta video ya Daigo Umehara, na mimi naipenda hiyo video kuliko zote kwa sababu inasema kinyume cha wanachodhani. Ni mwaka 2004, Evo huko Marekani, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, wanacheza Street Fighter III: 3rd Strike, Daigo Mjapani yuko na karakta Ken, Justin Wong Mmarekani yuko na Chun-Li. Daigo amebakiza damu kidogo kiasi kwamba hata akiblok lile pigo kubwa la Chun-Li atakufa, maana kublok nako kunakula damu kidogo kidogo. Njia pekee ni ile ya kusukuma stiki kuelekea kwenye pigo kwa wakati sahihi kabisa, ukipatia hupotezi chochote, ukikosea umekufa. Chun-Li akaachia mateke 15, Daigo akayapokea yote 15 kwa namna hiyo, la mwisho akiwa hewani, akashuka na kombo akamaliza mchezo, ukumbi ukapasuka kwa kelele. Sasa tazama pigo la kwanza. Lile la kwanza halikuwa la kusubiri uone ndipo ujibu, ilikuwa lazima umejipanga kabla, na Daigo alishajua kwamba Justin ana gauji imejaa, ule mstari wa kuachilia pigo kubwa, na atashawishika kumaliza pale. Yale mengine 14 yanakwenda kwa mdundo ambao ulikuwa umeshazoewa mkononi. Kwa hiyo humo ndani kuna vitu viwili, kumsoma mtu na mdundo uliofanyiwa mazoezi nje ya mechi, na sehemu ya kasi ya kuzaliwa ni ndogo mno.

Mazoezi nje ya mechi, hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Kucheza na kufanya mazoezi ni kazi mbili tofauti na zinafanana kwa macho tu. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walitoa utafiti wao wa wanafunzi wa fidla huko Berlin, ule ambao baadaye watu waliufupisha wakasema ni saa elfu kumi tu basi. Wenyewe hawakusema kwamba ukikaa saa elfu kumi utakuwa bingwa. Walichokazia ni aina ya hizo saa: mtu yuko peke yake, anashughulika na kipande kimoja anachokikosea, anapata jibu palepale kama amepatia au la, anarudia. Ukicheza mechi hupati hiyo nafasi, kwa sababu kitu kinachokusumbua kinatokea labda mara mbili ndani ya mechi nzima, kinapita haraka, unapigwa, na kabla hujaelewa raundi nyingine imeanza.

Kuna dogo mmoja mtaani kwetu alikuwa anaonewa na King, yule mwenye kichwa cha chui, mcheza mieleka. King akimsogelea tu dogo anaganda, anakamatwa, anazungushwa, anatupwa, anainuka anakamatwa tena. Kwenye Tekken kukamatwa kunajinasua, mikamato mingi ina batani yake ya kujinasua, na gemu inakuonyesha jibu kwenye mikono ya anayekukamata: mkono wa kushoto ukitangulia unabonyeza ngumi ya kushoto, wa kulia ukitangulia ngumi ya kulia, mikono yote miwili ikija pamoja unabonyeza zote mbili kwa pamoja. Mikamato ya kawaida ambayo kila karakta anayo ni rahisi zaidi, lakini ya King inataka upatie. Dogo alikuwa hajui kama kuna jibu. Alipoambiwa akaingia sehemu ya mazoezi, akamweka King upande wa pili, akarekodi mikamato mitatu tofauti na kuiambia gemu iirushe kwa kuchanganya bila mpangilio, halafu akakaa pale anaangalia mabega na mikono tu, haangalii uso, haangalii damu, hapigi chochote. Mwanzoni anabonyeza yote mawili kila mara. Baadaye akaanza kuitenganisha ile ya mikono miwili, maana ile ina umbo lake, unaiona mabega yote yanafunguka. Kushoto na kulia zikamchelewesha sana. Nilikuwa nimekaa pembeni naangalia na nilichokiona ni kwamba kulikuwa na wakati mrefu ambao hakuna kinachobadilika kabisa, anakosea tu, anakosea, mtu mwingine angeacha, halafu siku iliyofuata amerudi mikono inajibu.

Hilo la siku iliyofuata si bahati. Watafiti wa Harvard mwaka 2002 waliwafundisha watu kugonga namba kwenye kibodi kwa mpangilio fulani, na waliolala usiku baada ya kujifunza waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 20 bila kugusa kibodi katikati, wakati waliokaa macho mchana kwa saa zilezile hawakupata ongezeko la maana. Mkono unaendelea kujifunza ukiwa umelala. Kwa hiyo yule anayekesha mpaka alfajiri akisema anajinoa anajikata mwenyewe, nusu saa ya kazi ya kweli halafu ulale vizuri inakufaa kuliko usiku mzima wa mechi.

Angalia pia alivyochanganya ile mikamato. Angerudia mmoja mara nyingi mfululizo angejisikia anajua haraka, kwa sababu kidole kinakariri bila jicho kufanya kazi, halafu akiingia kwenye mechi anarudi kuwa mgeni. Kuchanganya kunauma, unakosea zaidi ukiwa mazoezini, na ndiyo maana kunafanya kazi, maana kwenye mechi hakuna atakayekutangazia kinachokuja. Vilevile kwenye kombo. Watu wanakaa na kombo ndefu za kwenye video, ngumi kumi na kitu hewani, wanaipatia mazoezini karakta akiwa amesimama tu, na kwenye mechi haitoki hata mara moja. Chukua kombo fupi usiyoikosea, ifanye upande wa kushoto wa skrini na upande wa kulia, maana ukigeuka mkono unageuka nao, ifanye ukiwa umetoka kublok kitu. Kombo fupi inayotoka kila mara inamaliza mtu haraka kuliko ndefu inayotoka mara moja kwa kumi.

Wenye Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, wana bahati, ile sehemu ya kuangalia marudio ya mechi zako inakuonyesha palepale ulipoblok kitu na hukulipiza wakati ulikuwa na haki ya kulipiza, na unaweza kusimamisha ukashika pedi ukaendelea kutoka hapohapo. Tumia hiyo. Usiangalie mechi zako zote, utachoka, angalia moja uliyopigwa vizuri, tafuta pigo lililokutoa damu nyingi kuliko yote, hilohilo tu, nenda nalo mazoezini.

Najua shida ya banda. Pale unalipa kwa mechi au kwa muda, nyuma yako kuna foleni, aliyeshinda anakaa aliyefungwa ananyanyuka, sasa nani atakuacha ukae sehemu ya mazoezi unaangalia mabega ya King? Na huo utaratibu wa mshindi kukaa una tabia moja ambayo inawadumaza watu bila wao kujua: unakufanya ucheze ili usinyanyuke. Mtu anarudia vitu vitatu vinavyompa ushindi dhidi ya watu wa pale, hajaribu kipya kwa sababu kujaribu ni kufungwa na kufungwa ni kulipa tena. Anakuwa mfalme wa banda moja, akitoka mtaa wa pili anapigwa na mtu ambaye ameshazijua hizo mbinu tatu. Ushauri wangu kwa wa bandani ni kwenda asubuhi au zile saa ambazo hakuna watu, ongea na mwenye banda, wengi wanakubali ukae peke yako maana TV imelala tu, na ukipata mtu mwenye nia kama yako mlipe nusu kwa nusu mfanye hivi: yeye akukamate, wewe ujinasue, mnabadilishana. Mambo ya fremu, pigo gani likiblokiwa linaacha mtu wazi, unayasoma kwenye simu ukiwa nyumbani au kwenye daladala, hayahitaji kulipia PS.

Lakini banda lina nguvu yake pia, kubwa tu, na ushahidi wake uko Lahore, Pakistan. Februari 2019 kijana wa Pakistan anaitwa Arslan Siddique, jina la gemu Arslan Ash, alifika Fukuoka kwenye Evo Japan akiwa hajulikani na karibu mtu yeyote nje ya kwao, amepitia matatizo ya viza na safari ya kuunganisha ndege, akawafunga wakali na kubeba kombe la Tekken 7. Watu wakasema kabahatisha. Agosti ya mwaka huohuo akaenda Las Vegas kwenye Evo yenyewe akaichukua, fainali dhidi ya Knee, Mkorea ambaye ni miongoni mwa wachezaji wenye heshima kubwa kabisa kwenye historia ya Tekken. Na Arslan alichokuwa anasema ni kwamba nyumbani wapo wengine wa kiwango chake. Knee akafunga safari mpaka Pakistan kwenda kujionea na kujifunza. Baadaye Mpakistani mwingine, Atif Butt, akabeba fainali za Tekken World Tour kule Amsterdam mwaka 2023, na Arslan akarudi kuchukua Evo mwaka 2023 na 2024. Ile ni nchi ambayo wachezaji wake walikua kwenye vibanda vya mashine za kuweka tokeni, ana kwa ana, bega kwa bega, mtu mmoja akigundua njia ya kumlipiza pigo fulani kesho yake banda zima wanaijua na yeye inabidi atafute nyingine. Nikiangalia Tandika, Manzese, Eastleigh, Likoni, sioni kinachotuzuia. Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow, alipanda kwa Tekken hiyohiyo mpaka akasajiliwa na timu ya kimataifa. Kinachotofautisha banda la Lahore na banda la kwetu ni kwamba wale wakishamaliza kufungana wanaambiana, "pale ungechuchumaa," "lile teke halina usalama, lipige." Kwetu mtu akigundua siri anaificha ili aendelee kukaa kwenye kiti, matokeo yake hata yeye hakui, kwa sababu hakuna anayemlazimisha kukua.

Tuje kwenye vifaa, nitapita haraka ila kuna kitu kimoja kinawaumiza wengi. TV. Televisheni nyingi za kisasa zinachakata picha kwanza ziipendezeshe kabla ya kukuonyesha, na huko kuchakata kunaweza kula milisekunde 50 hadi 100 kwenye baadhi ya TV, hizo ni fremu 3 mpaka 6. Ule mtama wa Bryan unaouona ukiwa na nusu sekunde umeshapungua kabla haujafika machoni. Ingia kwenye mipangilio ya picha tafuta sehemu ya gemu, washa, ni bure. Pedi ambayo stiki yake inajiendea yenyewe usifanyie mazoezi, mkono utajifunza kusahihisha ubovu wa pedi na siku ukipewa nzima utakuwa unakosea. Baada ya hapo, pedi ya bei kubwa haikupi chochote ambacho hukuwa nacho.

Onlaini ni suala la umbali, na hili watu wanalaumu bando lao bure. Data inasafiri kwenye nyaya za mwanga kwa kasi kama ya kilomita 200,000 kwa sekunde, ni kasi kubwa lakini ina mwisho. Kutoka Dar mpaka London kwa mstari wa moja kwa moja ni kama kilomita 7,500, kwenda na kurudi 15,000, kwa hiyo hata ungekuwa na intaneti bora kuliko zote duniani huwezi kupata chini ya milisekunde 75, na nyaya zenyewe hazinyooki, zinazunguka baharini kupitia Bahari ya Shamu, kwa hiyo kiuhalisia ni zaidi sana. Tekken 8 inajaribu kuficha huo ucheleweshaji kwa kubashiri kwamba mpinzani anaendelea na alichokuwa anafanya, ikigundua imekosea inarudi nyuma inasahihisha, ndiyo maana unaona karakta ameruka kutoka hapa mpaka pale ghafla. Maana yake kwetu ni kwamba ukicheza na mtu wa Ulaya usijifunze kitu chochote kinachohusu kuona na kujibu, jifunze kusoma tabia, na mazoezi ya macho fanya dhidi ya mashine au mtu mliyekaa naye. Na kama ruta iko karibu tumia waya, waifai ya kupitia kuta mbili inarukaruka hata pale ambapo spidi inaonekana kubwa.

Wa mpira wasijione wametengwa, habari ni ileile. Anayefungwa sana kwenye EA FC, ile tuliyozoea kuiita FIFA kabla ya kubadilishwa jina mwaka 2023, ukimwangalia anakaba kwa kukimbilia mpira na beki wa kati, anatoka na beki, nyuma kunabaki shimo, pasi moja goli. Mkali anashika kiungo, anashikilia batani ya L2 anarudi taratibu huku anaziba njia ya pasi, mabeki anawaacha kwenye mstari wao. Amempunguzia mshambuliaji chaguo na amejipunguzia mwenyewe mashaka, habari ya Hick tena. Ukitaka kulifanyia kazi, cheza mechi nzima ambayo lengo lako ni moja tu, beki wa kati hawatoki, ufungwe usifungwe haikuhusu.

Hasira nayo niiseme kwa kifupi. Mtu akishafungwa mara mbili kwa njia ya kuudhi anabonyeza "tena" haraka kabla hata hajapumua, na kichwa chenye hasira kinarudi kwenye tabia za zamani, kila ulichokijenga asubuhi hakitumiki. Nyanyuka, kunywa maji, rudi. Ukiona unataka kumkomesha mtu badala ya kumsoma, siku hiyo imeisha.

Halafu jinsi ya kujua kama unapanda. Daraja la onlaini linakudanganya, linapanda na kushuka kutegemea na nani umekutana naye, na banda linakudanganya zaidi kwa sababu unakutana na walewale. Hesabu kitu kimoja kidogo ambacho kiko mikononi mwako. Kama wiki hii kazi yako ni mikamato, basi baada ya kila mechi andika kwenye simu umekamatwa mara ngapi na umejinasua mara ngapi, usiandike umeshinda au umefungwa. Wiki ya kwanza unaweza kufungwa zaidi ya kawaida kwa sababu macho yote yako kwenye mabega ya mtu, vumilia, hiyo ndiyo gharama yake. Ukifika mahali unajinasua huku unawaza kitu kingine kabisa, huo mkamato umetoka kwenye orodha ya vitu unavyovisubiri, unaacha kuuhesabu, unafungua sehemu ya mazoezi, unamweka Bryan, unarekodi ule mtama wake ukichanganywa na ngumi mbili za kusimama, na unaanza kuhesabu upya.